Waya za Chumba cha Redio

Huku kwetu Tukuyu mvua haijataka kupumzika, na sisi wenye nyumba za zamani tunashinda tukihamisha ndoo kutoka tone hadi tone. Mvua hiyo ndiyo iliyonipeleka kwenye jambo la mwezi huu. Najua wengine mtasema, muuguzi na waya za spika wapi na wapi? Nami ningesema hivyo. Mimi na umeme tunaheshimiana kwa mbali. Lakini siku ile nilitoka jasho kama niko wodini.

Kikundi chetu cha akina mama kanisani kina desturi ya kuwasaidia wajane kazi ambazo mikono yao haiziwezi tena. Jumamosi moja tulikwenda watano kwa mama mmoja anayekaa njia ya kuteremkia Masoko. Mumewe, mwalimu mstaafu, alifariki miaka mitatu iliyopita, na mama alitaka chumba cha uani kisafishwe apate mpangaji. Bati lilikuwa limeanza kuvuja, na vitu vya marehemu vilikuwa vinaota ukungu.

Chumba hicho pale nyumbani hakiitwi stoo wala chumba cha wageni. Tangu zamani ni “chumba cha redio”. Mama alitueleza akiwa amekaa kwenye kigoda mlangoni. Mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, mumewe alikuwa kijana aliyeanza kazi karibuni, akawekwa kuwa kiongozi wa kikundi cha kusikiliza redio. Walio na umri wa mama yangu mtakumbuka. Kwa majuma 12 Radio Tanzania ilitangaza vipindi juu ya malaria, kichocho, minyoo ya safura, kuhara damu na kifua kikuu. Nchi nzima karibu watu milioni 2 walikutana katika vikundi, wakasikiliza, wakasomewa kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Sisi tuliosomea uuguzi miaka mingi baadaye tulifundishwa kampeni hiyo kama mfano, na sikuwahi kufikiri kwamba ningefagia mojawapo ya vyumba vyake.

“Watu hawakuenea,” mama alisema. “Wengine walikaa barazani kwenye mvua. Ndipo mzee akavuta waya kutoka kwenye redio akaweka spika ya pili pale juu ya mlango.” Msumari wa spika hiyo bado upo.

Miaka ikapita, umeme ukafika, mwalimu akanunua mashine ya santuri yenye spika zake mbili, na baadaye akawa mtu wa kuazimwa vipaza sauti vya tarumbeta kwa arusi na misiba. Basi katika kona ya chumba tulikuta sanduku la chai la mbao, na ndani yake waya tupu. Nyingine zimesukwa kama nywele za mtoto na kuvishwa kitambaa cha kahawia. Nyingine bapa za kijivu zenye plagi ambazo sikuwahi kuziona: ncha moja bapa kama ulimi, nyingine duara kama msumari. Nyingine zina kichwa cha duara chenye ncha tano. Na moja ndefu kupita zote, nyeusi, imezungushwa kwenye kipande cha ubao.

Nilikuwa nimebeba mikono miwili ya waya hizo kuelekea uani niliposikia “klik, klik” sebuleni. Nikageuka. Mtoto wa miaka miwili, kitukuu cha mama, alikuwa amesimama juu ya kiti akibofya swichi ya soketi ukutani, washa, zima, washa, zima. Kwenye soketi hiyo ilichomekwa waya bapa ya kijivu. Nikaifuata kwa macho mpaka mwisho wake chini ya meza. Mwisho ule ulikuwa na zile ncha mbili, ulimi na msumari, zikiwa wazi kabisa, hazina hata kifuniko.

Niliivuta plagi ukutani kabla sijajua nimefanya nini. Kisha nikakaa chini.

Mjukuu wa mama, kijana wa miaka 19, alikuja mbio. “Shangazi, hiyo ni ekstensheni natengeneza. Nimefunga plagi upande huu, nangoja kununua soketi ya upande ule.” Wala hakuwa mkaidi. Alitaka kumpelekea mpangaji umeme wa kuchajia simu, akaona waya nzuri inaoza bure. Kwake waya ni waya. Nilimwuliza, “Unajua hii ilikuwa ya nini?” Akasema, “Ya Mjerumani.” Nikacheka kwa hasira, lakini alikuwa na sababu yake, nami nitaifikia.

Jumatatu, nikiwa zamu ya mchana, asubuhi nilimchukua kijana na sanduku lake tukaenda Tukuyu mjini kwa fundi mmoja wa redio, mzee aliyezeeka na kazi hiyo. “Mugonile, fundi.” Alipofungua sanduku alikaa kimya, akavaa miwani, akaanza kutoa waya moja moja na kuzipanga mezani kwa makundi, kama mama anayechambua maharage. Nimeomba ruhusa yake niyaandike aliyotueleza, kwa kuwa nyumba zenye sanduku kama lile ni nyingi.

Alianza na ile ya kitambaa. Alikata kipande kidogo cha ncha yake, na mpira uliokuwa ndani ukapukutika mezani kama makombo ya mkate mkavu. Waya yenyewe iling’aa nyeupe. Kijana akanigusa kiwiko: “Unaona? Fedha.” Hapo ndipo siri ilipotoka. Kulikuwa na mtu pale senta aliyemwambia kwamba waya za kitambaa ni za fedha tupu, ziliachwa na Wajerumani, na kwamba yuko mnunuzi wa mamilioni, ila kwanza itolewe shilingi 50,000 za kupimia. Ninyi wa Rungwe na Mbeya mnazijua hadithi hizi. Leo rupia, kesho zebaki nyekundu ndani ya redio za kale. Si kwetu tu, maana mwaka 2009 huko Saudi Arabia watu walinunua vyerehani vikuukuu vya Singer kwa bei ya ajabu wakiamini vina zebaki nyekundu, na haikuwamo.

Fundi hakubishana. Alichukua wembe akaikwangua ile waya nyeupe taratibu. Chini ya weupe ikatokea nyekundu ya shaba. “Hii ni shaba iliyopakwa bati,” alisema. “Mpira wa zamani ulitiwa salfa ili uwe mgumu, na salfa huila shaba. Kwa hiyo waliipaka shaba bati kwanza.” Kitambaa cha juu kililinda mpira. Waya za namna hiyo zilitumika kwenye taa, kwenye pasi na kwenye spika pia, kwa hiyo kitambaa peke yake hakikuambii ilikuwa ya kazi gani. Kinachokuambia ni kimoja: ni ya enzi ya mpira, kabla plastiki haijaenea, na mpira wake umekwisha kufa hata kama kitambaa kinapendeza. Ni kweli wako watu Marekani na Japani wanaonunua waya za kitambaa za zamani za kampuni ya Western Electric kwa ajili ya muziki, lakini hawaombi elfu hamsini za kupimia, na hii haikuwa na jina la mtu yeyote.

Ilipofika zamu ya ile ya kijivu, kijana alishikilia Ujerumani wake, na kwa haki. Kwenye plagi palikuwa na maandishi madogo, na fundi akampa lenzi ayasome mwenyewe. Yalisema imetengenezwa Ujerumani Magharibi. “Wajerumani waliondoka hapa lini?” fundi akauliza. Kijana alilijua hilo kutoka shuleni: mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, wakati mji huu ulipoitwa Neu Langenburg. “Na Ujerumani Magharibi?” Hapo alinitazama mimi. Nchi yenye jina hilo ilianza mwaka 1949, na Ujerumani zikaungana tena mwaka 1990. Basi plagi ile haikuweza kuwa ya kabla ya 1949. Sijaona mtoto akinyang’anywa hazina kwa upole namna ile.

Plagi yenye ulimi na msumari, fundi alieleza, ni plagi halisi ya spika. Wajerumani waliiwekea kipimo chao, na mashine za Grundig, Telefunken, Philips na nyinginezo za Ulaya zilitoka nayo miaka ya 1960 hadi 1980. Umbo lile lina maana. Ulimi ni upande wa hasi, msumari ni upande wa chanya, na kwa kuwa hazifanani huwezi kuichomeka kinyume. Kwenye waya za kawaida za spika zisizo na plagi hiyo, tafuta alama: upande mmoja una mstari wa rangi au mfuo ulioinuka unaousikia kwa kidole. Alama hiyo ni ya kutofautisha chanya na hasi, maana spika mbili zikifungwa moja kinyume cha nyingine, moja husukuma hewa wakati mwenzake anavuta, na sauti nzito za besi zinapotea.

Lakini sikiliza hili. Plagi ile ilitengenezwa ncha zake zikiwa nje kwa sababu umeme wa spika za nyumbani ni mdogo. Mashine ya wati 10 yenye spika ya omu 8 hutoa kama volti 9 hivi, sawa na betri chache za tochi. Umeme wa ukutani ni volti 230. Kijana alipofunga plagi ya ukutani upande mmoja, zile ncha za upande wa pili zilibaki zinangoja kidole, au mdomo. Tena hata angefunga soketi vizuri, waya nyingi za spika ni nyembamba na ganda lake halikupimwa kwa kazi hiyo. Pasi ya wati 1,000 huvuta zaidi ya ampea 4. Waya nyembamba hupata moto pole pole chini ya mkeka au nyuma ya kabati, na hakuna anayejua mpaka usiku.

Zile zenye kichwa cha duara cha ncha tano fundi alizitupa kando mara moja. “Hizi si za spika.” Alikata moja kutuonyesha: ndani mna nyuzi nyembamba mno, na zimezungukwa na wavu wa shaba. Wavu ni wa kuzuia mivumo isiingie. Ni waya za kupeleka sauti changa kutoka kwenye santuri au kinasa sauti hadi kwenye amplifaya, kabla haijakuzwa. Ukiona wavu, kazi yake ni hiyo.

Ikabaki ile nyeusi ndefu, na hapo fundi akawa makini zaidi. Alimwuliza kijana kama kuna kipaza sauti cha tarumbeta nyumbani. Kipo, juu ya dari. Je, nyuma yake kuna kidude kizito kama kipande cha tofali? Kipo. “Basi hii ni laini ya volti 100.” Amplifaya za mikutano huwa na sehemu za kufungia zilizoandikwa omu 4, 8, 16, na nyingine volti 70 au 100. Ukitaka kupeleka sauti mbali, toka kanisani hadi uwanjani, ukitumia njia ya kawaida sauti inakufa njiani. Wati 30 kwenye spika ya omu 8 zinahitaji karibu ampea 2. Kwa volti 100, wati hizo hizo zinahitaji ampea 0.3 tu, na waya nyembamba inatosha. Kile kidude ni transfoma ya kuishusha tena volti kwenye tarumbeta. Ni akili nzuri, ila mtu akiishika waya tupu wakati mhubiri anapaza sauti, itampiga. Na ukiifunga spika ya nyumbani kwenye sehemu ya volti 100, unaiunguza papo hapo. Nikawakumbuka vijana wetu wa kwaya wanavyoning’iniza waya kwenye miti yenye umande siku za mikutano, viungo vyake vimefungwa kwa mfuko wa nailoni.

Sasa niruhusu nivae gauni langu jeupe kidogo, maana hapa ndipo ninapopajua. Mtu akinaswa na umeme usimshike. Zima swichi kubwa kwanza. Ikishindikana, simama mahali pakavu umsukume atoke kwa fimbo kavu au ufagio wa mti mkavu. Asipopumua, anza kumkandamiza kifua huku mwingine akiita msaada. Pakiwa na pa kuungua, mwagia maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Si dawa ya meno, si mafuta, si unga. Hata kidonda kikiwa kidogo kama punje ya mahindi, mpeleke hospitali, kwa kuwa umeme hupita ndani na unaweza kuudhuru moyo na misuli wakati ngozi inaonekana nzima.

Na mtoto aliyetafuna waya nitamsema peke yake. Huungua pembeni mwa mdomo, panakuwa peupe, wala mara nyingine halii sana. Mama anafurahi kwamba limekwisha. Siku kati ya 5 na 14 baadaye lile gamba hubanduka, na mshipa wa damu ulio chini yake unaweza kufunguka ghafla, hata usiku. Ikitokea, bana mdomo kwa vidole viwili na kitambaa safi, kimoja ndani kimoja nje, usiachie, uende hospitali. Mtoto wa namna hiyo anapaswa kuonwa tangu siku ya kwanza, na mama kuambiwa mapema.

Kulikuwa na jambo moja zaidi la kijana. Alikuwa ameshakubaliana na wenzake kwamba zile zilizobaki wazichome moto nyuma ya nyumba, waondoe plastiki, wauze shaba kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Watoto wetu wanaifanya kazi hii kila mahali, nasi tunasema angalau hawaibi. Moshi wa ganda la plastiki una tindikali inayounguza koo na mapafu, una sumu ziitwazo dioksini zinazokaa mwilini miaka mingi, na plastiki ya zamani mara nyingi ilichanganywa na risasi, ambayo hubaki kwenye majivu. Majivu yale yanaangukia mboga na kuku. Kwa mtoto mdogo risasi hudhuru ubongo, na hakuna dawa ya kuurudisha. Shaba inayouzwa inaweza kuchunwa kwa kisu, na hailipi pungufu. Kijana aliuliza bei ya kilo moja kwa jirani wa fundi, akapiga hesabu ya waya alizonazo, akanyamaza.

Tukarudi na sanduku jepesi. Fundi alikata ile plagi ya ukutani mbele ya macho yetu. Za mpira uliokufa alizifunga fungu lake, isipokuwa moja. Kila iliyobaki kijana aliifunga kipande cha plasta nilichokuwa nacho mkobani, akaandika kwa kalamu: “spika”, “santuri”, “tarumbeta, hatari”. Nadhani ni mara ya kwanza plasta yangu imeponya waya.

Fundi alikuwa ametufundisha pia namna ya kuuliza spika ya zamani kama bado iko hai bila umeme wa ukutani. Chukua betri moja ya tochi, gusa kidogo nyaya mbili za spika kwenye ncha za betri, uachie. Ikiwa hai itasema “tk”, na karatasi yake itasogea. Ikisogea mbele, upande uliogusa chanya ya betri ndio chanya ya spika. Jioni ile kijana alizijaribu spika za babu yake mbele ya bibi. Ya kwanza ilisema. Ya pili ilisema. Kisha akapanda kwenye kiti akatoa kutoka juu ya kabati ile ndogo ya mlangoni, ya mwaka 1973, iliyoliwa na mende pembeni. Aligusa mara mbili bila jibu, akafuta ncha zake kwa shati, akagusa tena.

“Tk.”

Mama alimwambia arudie. Alirudia mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Mpangaji, mwalimu wa shule ya msingi, alihamia tarehe mosi. Umeme wake umevutwa na fundi wa umeme, kwa waya ya umeme. Juu ya mlango, kwenye msumari ule ule, inaning’inia ile spika ndogo na kipande chake cha waya ya kitambaa, haikuunganishwa na kitu chochote. Mama amemwambia mpangaji kwamba hiyo haimo kwenye kodi.